Mbichi na Mbivu: Kisa cha Chai ya Pu'er

Juu ya meza yangu, wakati ninapoandika makala haya, viko vikombe viwili vya kahawa, vile vidogo visivyo na mikono tunavyovitumia barazani. Cha kwanza kina chai ya rangi ya asali, nyangavu, ambayo ukiitazama unaona mpaka chini ya kikombe. Cha pili kina chai nyeusi yenye wekundu wa damu ya mzee. Zote mbili zimetokana na majani ya mti wa aina moja, katika mkoa mmoja wa Uchina, na zote zinaitwa kwa jina moja la Pu'er. Wachina huiita ya kwanza sheng na ya pili shu. Nimeulizwa na zaidi ya rafiki mmoja kuna tofauti gani baina yao, na kila nilipojaribu kujibu kwa maneno machache nilijikuta nasimulia habari za miaka elfu na ushei. Basi na iwe hivyo.

Nianze na maneno yenyewe, maadamu wasomaji wa kurasa hizi ni watu wa maneno. Sheng ni kibichi: tunda ambalo halijaiva ni sheng, na nyama isiyopikwa nayo ni sheng. Shu ni kilichoiva, na hapa Wachina, kama sisi, hawatenganishi baina ya tunda lililoiva mtini na wali ulioiva jikoni. Kiingereza kina neno lake la tunda na neno lake la chungu, na ndiyo sababu vitabu vya Kiingereza vinavyoeleza chai hii hubabaika, mara vikaiita iliyopikwa, mara iliyoiva. Mswahili hana taabu hiyo. Akisema chai mbichi na chai mbivu, tafsiri imetimia, na hata utata wa asili umehama pamoja nayo. Nao utata huo ndio kiini cha kisa chetu, kwani swali lililowagombanisha wanywaji wa chai hii kwa takriban miaka hamsini ni hili: chai mbivu ya Pu'er, je, imeiva kama embe au imeiva kama wali?

Yunnan ni mkoa wa milima, kusini-magharibi ya Uchina, unaopakana na Myanmar, Laos na Vietnam. Mti wa chai wa huko, ukiachwa bila ya kukatwa, hauwi kichaka cha kufika kiunoni bali mti hasa, ambao mchumaji huupanda. Majani yake ni mapana, na jamii yake ndiyo iliyoenezwa Kericho, Mufindi na Rungwe, kwa hivyo kila asubuhi tunakunywa jamaa yake bila ya kumjua babu. Waliotunza miti hiyo tangu kale ni makabila ya milimani, Wabulang, Wadai, Wahani na Wajinuo, na misitu ya chai ya mlima wa Jingmai iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2023.

Katika karne ya 9 ofisa mmoja wa enzi ya Tang, jina lake Fan Chuo, aliandika kitabu juu ya watu wa kusini, na humo akaeleza kuwa chai hutoka katika milima ya Yinsheng, kwamba watu huichuma bila ya ustadi wowote wa kuitengeneza, na kwamba watu wa Mengshe huichemsha pamoja na pilipili, tangawizi na mdalasini. Ofisa yule aliyataja hayo kama mambo ya washenzi. Mimi nilipoyasoma nilicheka peke yangu, kwani ungemwonesha mama yeyote wa Unguja maelezo yale angekwambia: hiyo ndiyo chai.

Jina la Pu'er si la shamba, ni la soko. Ni kama kahawa ya Mokha, iliyoitwa kwa bandari iliyosafirishiwa wala si kwa mlima ilikoota. Majani yalishuka kutoka Yiwu, Yibang, Youle na milima mingine iliyokuja kujulikana kuwa ile sita mashuhuri, yakakusanywa mjini Pu'er, yakalipiwa ushuru, yakapakiwa. Mji huo leo unaitwa Ning'er. Jina la Pu'er lilihamishiwa mji wa Simao mwaka 2007, wakati jina hilo lilipokuwa na thamani kuliko mji. Mwaka 1729 dola ya Qing iliifanya Pu'er makao ya jimbo na kuanza kuibana biashara ya chai mkononi mwake. Mwaka 1735 ikatoka kanuni kwamba chai ifungwe kwa mabunda ya vipande 7, na bunda moja liwe na uzito wa liang 49. Chai iliyo bora ilipelekwa Beijing kuwa kodi ya kasri. Huko ilisifiwa kwa kuyeyusha mafuta tumboni, na hata katika riwaya kuu ya karne ya 18, ile ya Ndoto ya Chumba Chekundu, mtoto wa nyumba ya kitajiri aliyeshiba kupita kiasi anatengenezewa Pu'er.

Hesabu ya saba haijafutika. Hadi leo mkate wa kawaida wa chai hii, wa duara na bapa mithili ya mkate wa mofa, una gramu 357, na mikate saba hufungwa kwa ganda la mwanzi ikawa kilo mbili na nusu. Mafurushi kumi na mawili hujaza kapu la kilo 30, na makapu mawili, moja kila ubavu, ndiyo mzigo wa nyumbu mmoja. Umbo la chai, kwa maneno mengine, lilipimwa kwa mgongo wa mnyama.

Misafara hiyo ilikwenda kaskazini na magharibi hadi Tibet, ambako chai hupigwa pamoja na siagi na chumvi, na ilikwenda kusini hadi Burma na Siam. Safari ya Lhasa ilichukua miezi. Mkate wa chai ulioondoka Pu'er ukiwa wa kijani na mkali ulipita kwenye mvua za mabonde na baridi za vilele, ukalala maghalani, na ulipofunguliwa na mnunuzi ulikuwa umebadilika rangi na kulainika. Mabadiliko hayo hakuyakusudia mtu. Yalikuwa ni athari ya njia, kama vile jahazi linavyoingiza harufu yake katika mzigo.

Hapa nitachepuka kidogo, na msomaji wa pwani ataniwia radhi, au pengine atashukuru. Wengi katika wenye misafara ya nyumbu wa Yunnan walikuwa Waislamu, wale Wachina waitwao Wahui. Katika mkoa huo, Kunyang, kandokando ya ziwa Dian, ndipo alipozaliwa mwaka 1371 mtoto wa ukoo wa Ma ambaye baba yake aliitwa Haji, na mtoto huyo alikuja kuwa amirijeshi Zheng He, ambaye merikebu zake zilifika Mogadishu, Barawa na Malindi katika karne ya 15. Twiga wa Malindi aliyeshangaza kasri ya Uchina mwaka 1415 tunamsimulia hadi leo. Kwamba mwenye merikebu alikuwa mwana wa nchi ya chai ni jambo tunalolisahau. Miaka zaidi ya mia nne baadaye mwanachuoni mwengine wa Yunnan, Yusuf Ma Dexin, alikwenda Makka kuhiji. Aliondoka mwaka 1841, akafuatana na wafanyabiashara Waislamu kupitia Xishuangbanna, ambayo ni nchi yenyewe ya milima ya chai, akaingia Burma na kufuata mto hadi Rangoon, kisha akapanda chombo cha kuvuka Bahari ya Hindi. Njia ya chai ilikuwa njia ya hija. Halafu mwaka 1856 Waislamu wa Yunnan waliasi dola ya Qing, Du Wenxiu akajitawalia Dali na kuitwa Sultani Suleiman, na vita havikwisha hadi 1873. Vijiji viliangamia, misafara ikavunjika, na chai ya kodi ikaacha kufika Beijing. Anayekunywa Pu'er leo na kusikia habari za wafalme tu, amesimuliwa nusu ya kisa.

Turudi kwenye kikombe.

Chai mbichi hutengenezwa hivi. Majani huchumwa, huachwa yanyong'onyee, kisha hukaangwa makavu katika karai ili moto uzuie yasigeuke meusi. Hufikichwa kwa mikono, huanikwa juani, na baadaye hutiwa mvuke na kukandamizwa kuwa mkate. Moto wa karai hauui kila kitu, na jua halikaushi kila kitu. Ndani ya mkate hubaki uhai kidogo, na uhai huo, ukipewa hewa, unyevu na muda, huendelea kuyageuza majani mwaka hata mwaka. Chai ya mwaka mmoja ni chungu na ina ukakasi. Ya miaka kumi imetulia. Ya miaka thelathini, ikihifadhiwa vizuri, ina rangi nyekundu ya kahawia na harufu ya mbao kuukuu na kafuri, na uchungu umebaki kama kumbukumbu tu.

Waliogundua utamu wa ukongwe huo kwa dhati hawakuwa watu wa Yunnan. Walikuwa ni watu wa Hong Kong. Katika mahoteli ya huko Pu'er hunywewa asubuhi pamoja na vitafunio vya mvuke, mara nyingi ikichanganywa na maua makavu, na wateja waliitaka nyeusi na laini. Hali ya hewa ya Hong Kong ni kama ya kwetu: joto, chumvi na unyevu. Wenye maghala walijua kuwa chai iliyowekwa vyumba vya chini, penye unyevu, hukomaa haraka. Lakini hata haraka hiyo ni ya miaka, na wanywaji walikuwa wengi kuliko mikate iliyozeeka. Guangdong kulikuwa na waliojaribu tangu miaka ya 1950 kuyarowesha majani ili yageuke upesi. Mwaka 1973 wataalamu wa viwanda vya dola vya Kunming na Menghai, na miongoni mwao hutajwa Wu Qiying na Zou Bingliang, walikwenda Guangdong kutazama, wakarudi Yunnan, wakajaribu wenyewe, na ilipofika 1975 chai mpya ilikuwa imeimarika.

Njia yao Mswahili haimhitaji kuelezwa sana, kwa kuwa neno lake analo: ni kuvundika. Majani yaliyokwisha kuanikwa hurundikwa sakafuni, lundo la kimo cha mita moja hivi, hutiwa maji, hufunikwa. Ndani ya lundo kuvu na vijidudu huanza kazi, na joto hupanda hadi nyuzi 50 au 60 na zaidi. Lundo hupinduliwa kila baada ya siku kadhaa ili lisiungue. Baada ya siku arubaini na kitu hadi sitini majani yamekuwa meusi, na kazi ambayo ghala lingeifanya kwa miaka ishirini imefanyika, au imeigizwa, katika muda wa miezi miwili. Bibi zetu walifanya vivyo hivyo kwa mkungu wa ndizi, wakaufukia au kuufunika kwa majani makavu, na hakuna aliyeita ndizi ile ya uongo. Ila walijua pia kwamba kuvundika na kuvunda ni ndugu wa baba mmoja. Lundo likipata maji mno, au likikosa kugeuzwa kwa wakati wake, halitoi chai, hutoa uvundo. Hata lundo lililofaulu huacha harufu fulani ya shombo katika chai mpya, nayo huchukua mwaka au miaka kadhaa kupungua.

Linalonivutia zaidi ni kuwa kabla ya hapo hapakuwa na chai mbichi. Nataka kusema, majani yalikuwapo lakini jina halikuwapo, maana hapakuwa na haja nalo, kama vile hakuna aliyetamka simu ya mezani kabla ya kuja kwa simu ya mkononi. Chai ya kale ililazimika kupata jina jipya siku ilipozaliwa mdogo wake. Tangu hapo viwanda viliitambulisha mikate kwa tarakimu: 7542 ya Menghai ni mbichi, 7572 ni mbivu. Tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka wa mapishi yenyewe, ya tatu ni daraja la majani, ya mwisho ni kiwanda, 1 kwa Kunming, 2 kwa Menghai, 3 kwa Xiaguan. Wako walionunua mkate wa 7542 wakidhani umetengenezwa mwaka 1975. Na wako wauzaji ambao hawakuona sababu ya kuwasahihisha.

Sasa niseme nilivyoonja, kwa kuwa historia bila ya ulimi ni nusu. Maji ya bomba hapa mjini yana chokaa, kwa hivyo nilikinga ya mvua. Nilipima gramu 6 za kila moja, nikaitia katika bakuli dogo lenye kifuniko, nikamimina maji yanayochemka na kuyamwaga papo hapo, kwani maji ya kwanza ni ya kuosha. Ya pili niliyaacha kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Chai mbichi, ambayo ni mkate wa mwaka 2006, ilinigusa kwanza pembeni mwa ulimi, kwa uchungu wenye heshima, kama wa kahawa yetu isiyotiwa sukari. Kisha ukaja ukakasi, ule unaokausha mdomo kwa ndizi mbichi. Nilingoja. Na baada ya kumeza, bila ya kuongeza chochote, utamu ulipanda kutoka kooni, ukakaa. Wachina wana neno kwa utamu huu unaorejea, huigan, na wanauthamini kuliko utamu unaotangulia. Katika maji ya tano harufu ilikuwa ya majani makavu na tunda lililoanguka. Katika ya nane uchungu uliondoka. Katika ya kumi na mbili nilikuwa nakunywa maji matamu, basi.

Chai mbivu haikunijaribu hata kidogo. Iliingia laini, nzito, yenye harufu ya udongo baada ya mvua ya kwanza na ya mbao za sanduku la zamani, na ilishuka tumboni kama mgeni aliyejua njia. Ni chai ya kunywa baada ya pilau. Haikasiriki ukiisahau ndani ya maji. Lakini maji ya pili na maji ya sita yalisema neno lilelile, kwa sauti inayofifia, ilhali ile mbichi kila kikombe kilikuwa na habari yake. Nikilazimishwa kuhukumu, nitasema naistahi mbichi na naizoea mbivu, na nitakiri kuwa siku nyingi mkono wangu huenda kwa ile niliyoizoea.

Mkate wa chai mbivu niliokunywa una kisa chake. Mwaka 2018 mpwa wangu, ambaye hufuata bidhaa Guangzhou kama vijana wengi wa hapa, alikwenda Fangcun, soko kubwa la chai la mji ule, akaninunulia mikate miwili kwa kuwa aliwahi kunisikia nikizungumza. Mmoja ni huo wa 2006. Mwengine ulikuwa umefungwa kwa karatasi iliyochakaa, yenye madoa, na muuzaji alimwambia kuwa ni chai mbichi iliyokaa miaka thelathini. "Mjomba," akaniambia, "huu ndio wenyewe." Bei aliyoilipa hakunitajia, nami kwa kuona namna alivyoushika sikuiuliza.

Kumdanganya mtu kwa njia hii ni rahisi. Chai mbivu ilibuniwa ili ifanane na chai mbichi iliyozeeka, na kwa rangi inafanana. Tangu vitabu vya Taiwan vya miaka ya 1990, hasa kile cha Deng Shihai cha mwaka 1995, vilipoifanya mikate ya kale kuwa vitu vya kukusanywa kama sarafu, ukongwe umekuwa na bei, na chenye bei hupata wa kukighushi. Bei ziliendelea kupanda hadi mwaka 2007, watu ambao hawakuwahi kuionja wakanunua makasha na makasha ya chai mbichi kwa kutumainia kuuza ghali, na mwaka huohuo soko likaporomoka. Mwaka 2008 dola ikatoa kanuni kuwa Pu'er ni ya majani mapana ya Yunnan tu, yaliyokaushwa juani, nayo ni mbichi au mbivu. Guangdong, ambako ufundi wa kurowesha ulitazamwa, ikabaki nje ya jina.

Ushahidi haumo katika karatasi wala katika rangi, umo katika mashapo. Majani ya chai mbichi, hata yawe na miaka thelathini, yakishapikwa hufunguka. Ukiyanyoosha kwa kidole hunyumbulika, na kahawia yake bado ina kivuli cha kijani. Majani yaliyovundikwa ni meusi, yamejikunja, na ukiyafikicha huvunjika au huwa tope. Nilimimina mashapo ya mikate yote miwili juu ya sahani nyeupe wakati mpwa wangu amekaa mbele yangu. Sikusema kitu. Aliyatazama, akayagusa ya huku na ya huku, akanyanyua jani moja la ile ya 2006 likaning'inia zima kwenye ncha ya kidole chake. Kisha akaligusa la pili, likamvunjikia.

"Kwa hiyo hii ni ya kuvundika," akasema.

Nikamwambia ndiyo, na kwamba ni nzuri, na hilo halikuwa neno la kumfariji. Kosa halikuwa la chai. Chai ile ilitengenezwa na watu waliojua wakifanyalo, wakaipindua sakafuni kwa wiki kadhaa, na haikudai kuwa kitu kingine mpaka alipotokea mtu kuivalisha karatasi ya mwenziwe. Sisi wapenda mashairi tunaijua hali hiyo, shairi la leo linapotiwa maneno ya Kingozi ili lionekane la babu. Halihitaji. Kama limeiva, limeiva.

Mkate wa 2006 nusura niuharibu mwenyewe. Mwanzoni niliuweka katika kabati la jikoni, karibu na karafuu, na baada ya miezi mitatu ukaanza kunukia karafuu, maana chai hii hunywa kila harufu inayopita. Sasa umo katika mtungi wa udongo usiotiwa rangi, chumba cha juu, mbali na viungo na mbali na udi, na wakati wa masika huutoa kuutazama usije ukashika ukungu. Hali yetu ya hewa inauharakisha; kila mwaka unazidi kuwa mwekundu. Mpwa wangu aliuliza utakuwa tayari lini. Nilimpigia hesabu, tukafika kwenye mwaka 2036, akanyamaza kidogo, akasema atakuja. Ile mbivu imebaki robo. Usiku huu nitaipika tena.